Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: asbesto ya kazini na ushahidi uliobaki ndani ya pafu

Maswali haya naulizwa kwa simu, kwenye korido ya maabara, hata msibani nikiwa nimeshika sahani ya matooke. Wanaouliza ni wake, wajane na watoto wa watu waliofanya kazi viwandani Tororo na Jinja, au kwenye reli. Mimi ni fundi wa maabara ya patholojia, Kampala. Ninakata nyama ya mwili iliyotolewa kwa mgonjwa au maiti, ninaipaka rangi, ninahesabu. Sitii sahihi kwenye ripoti na wala si wakili. Nimeandika hapa majibu ninayowapa kwa mdomo, ili mtu asisafiri kutoka Malaba kuja kusikia jambo ambalo angeweza kulisoma kwenye simu yake.

Pafu linawezaje kukumbuka kazi ya miaka arobaini iliyopita?

Kwa sababu asbesto ni jiwe. Ni jiwe la ajabu kidogo, huchambuka nyuzinyuzi kama pamba badala ya kuvunjika kama kokoto, lakini ni jiwe. Vumbi la kawaida ukilivuta, sehemu kubwa hunaswa na makamasi, hupanda kooni, ukalitema au ukalimeza. Uzi wa asbesto ni mwembamba mno. Hulala sawa na mkondo wa hewa na kupenya hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya pafu.

Huko kuna chembe za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Uzi mfupi zinaumeza na kuondoka nao. Uzi mrefu unazishinda, maana ni mrefu kuliko chembe yenyewe. Basi mwili hufanya kile ambacho mkulima hufanya akishindwa kung'oa kisiki shambani: hukizunguka. Uzi huvikwa koti la protini yenye chuma. Koti hilo halikai sawasawa, hujikusanya mafundo mafundo, na ncha mbili huvimba kama rungu.

Nikiweka kioo chini ya hadubini naona kitu kama shanga za rangi ya dhahabu zilizotungwa, na katikati yake uzi mwembamba ulionyooka, hauna rangi. Nikitumia rangi ya Perls, ambayo hutafuta chuma, shanga hizo hugeuka buluu iliyokolea huku nyama ya pembeni ikibaki na waridi hafifu. Vitabu huziita miili ya asbesto. Sisi maabara tunaziita shanga, na ndivyo nitakavyoziita hapa.

Mzee wetu hakuwa mchimba madini. Hii inamhusu vipi?

Watu wakisikia asbesto huwaza migodi ya Afrika Kusini. Kweli, huko ndiko mwanapatholojia J. C. Wagner na wenzake walikowaeleza, mwaka 1960, wagonjwa 33 wenye saratani ya utando wa pafu iitwayo mesothelioma, ambao karibu wote walikuwa wameishi au kufanya kazi mahali penye asbesto ya buluu. Sisi ilitufikia kwenye magunia na kwenye bidhaa. Tororo, mji tunaoujua kwa saruji, ulitengeneza pia mabati ya asbesto. Treni za mvuke zilizovuka mpaka zilikuwa na boila zilizovikwa asbesto ili zisipoteze joto, na boila za viwandani vilevile. Kuna breki za malori, mabomba ya maji ya saruji ya asbesto, na mapaa ya shule, zahanati na kota za polisi ambayo hadi leo kuna mtu anapanda kuyavunja kwa nyundo, mdomo wazi.

Usimsahau mama aliyefua ovaroli. Alikung'uta nguo uani kabla ya kuziloweka, na vumbi lote likamwishia usoni. Wanawake wa namna hiyo wameugua mesothelioma katika nchi nyingi bila kukanyaga kiwanda hata siku moja.

Hesabu yenyewe inafanywaje?

Kuna njia mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya kioo. Kipande cha pafu huhifadhiwa kwenye fomalini, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa wembamba wa mikroni 5 (milimita moja ina mikroni 1,000). Napaka Perls, mwanapatholojia anatafuta shanga na anaangalia kama pafu limeota makovu. Makovu ya namna yake yakiwepo, pamoja na wastani wa shanga 2 au zaidi kwa kila sentimita moja ya mraba ya nyama iliyo kwenye kioo, anaweza kuandika asbestosisi, yaani pafu lililokakamaa kwa sababu ya asbesto. Njia hii haihitaji mashine ya ajabu. Maabara yoyote inayokata nyama vizuri inaweza kuifanya ikiombwa, na shida kubwa ninayoiona ni kwamba haiombwi. Fomu inakuja imeandikwa "kifua, miaka 68" basi. Mtu aliyekaa miaka kumi na tano kwenye vumbi anafika mezani kwangu bila neno moja kuhusu kazi yake.

Ya pili ni ya kuyeyusha. Unachukua gramu moja au mbili za pafu, unaziloweka kwenye hipokloriti ya sodiamu, ambayo ni ileile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Nyama huyeyuka yote, jiwe hubaki. Maji hayo hupitishwa kwenye kichujio chenye matundu madogo mno, kisha unahesabu kilichonaswa. Kwa hadubini ya kawaida utahesabu shanga tu. Nyuzi tupu, ambazo hazikuvikwa koti, ndizo nyingi zaidi, na kuziona kunahitaji hadubini ya elektroni yenye kipimo cha eksirei kinachosoma madini: huu una magnesi, huu una chuma, kwa hiyo hii ni asbesto ya aina fulani na hii ni takataka nyingine tu. Kazi hiyo ni ya maabara chache maalumu. Kwa ukanda wetu wa Afrika, taasisi ya taifa ya afya ya wafanyakazi iliyoko Johannesburg ina uzoefu wa muda mrefu, kwa kuwa sheria ya Afrika Kusini inaruhusu mapafu ya mchimba madini aliyefariki kuchunguzwa kwa ajili ya fidia ya familia yake.

Nikiri jambo. Tulipokuwa tukijifunza njia hii ya kuyeyusha tulifurahia sana hesabu yetu ya kwanza, mpaka mwenzetu mmoja alipopitisha maji matupu, bila nyama yoyote. Kichujio kikatoka na nyuzi. Tulikuwa tumetumia maji ya bomba, na mabomba ya mtaa ule yalikuwa ya zamani. Hesabu yote ikaenda kwenye pipa la taka. Tangu siku hiyo kila kimiminika huchujwa kwanza, na kila sampuli huambatana na kichujio cha maji matupu. Ukipewa ripoti ya namna hii, uliza: kichujio kitupu kilionyesha nini? Asiyeweza kukujibu hajapima.

Idadi gani ndiyo "nyingi"?

Hakuna pafu lisilo na uzi hata mmoja. Mimi ninazo, na wewe unazo. Ndiyo maana namba peke yake haina maana mpaka ilinganishwe na ya watu ambao hawakufanya kazi hizo, tena iliyopimwa na maabara ileile kwa njia ileile.

Wataalamu wa magonjwa ya asbesto waliokutana Helsinki, Finland, mwaka 1997, na vigezo vyao vikapitiwa upya mwaka 2014, waliweka mipaka ambayo wengi huifuata. Pafu lililokaushwa likiwa na shanga zaidi ya 1,000 kwa gramu, au nyuzi zaidi ya 100,000 za kundi la amfiboli (asbesto yenye nyuzi ngumu, nitaieleza mbele) zenye urefu unaozidi mikroni 5, basi inawezekana sana mtu huyo alikutana na asbesto kazini. Ripoti nyingine huhesabu kwa gramu ya pafu bichi, na hapo 1,000 huwa kama 100, maana sehemu kubwa ya pafu ni maji. Nimewahi kuona wakili akipeperusha karatasi mbili zenye namba zilizopishana mara kumi, akidai maabara moja inadanganya. Moja ilipima kavu, nyingine ilipima bichi, na zote mbili zilikuwa sawa.

Mpaka wa kusema kwamba asbesto imeongeza maradufu hatari ya saratani ya pafu ni mkubwa zaidi: shanga kuanzia 5,000 hadi 15,000 kwa gramu kavu, au nyuzi za amfiboli milioni 2 zinazozidi mikroni 5. Mesothelioma haitaki wingi huo. Inaweza kumpata mtu aliyevuta kidogo.

Ripoti inasema "hazikuonekana". Basi mwajiri ameshinda?

Hili ndilo swali linaloniuma zaidi, kwa sababu nimeona familia zikikunja karatasi na kurudi nyumbani kimya.

Asbesto si moja. Kundi la amfiboli, ambamo mna ya buluu iitwayo krosidoliti na ya kahawia iitwayo amositi, lina nyuzi ngumu zilizonyooka kama sindano. Hizo hukaa pafuni miongo na miongo. Asbesto nyeupe, krisotili, ina nyuzi zilizopinda, nazo humeguka na kuondoka upesi, nyingine ndani ya wiki au miezi. Sasa fikiria: mabati mengi ya asbesto duniani yalitengenezwa kwa ile nyeupe. Mtu ameyakata kwa msumeno miaka ishirini, akastaafu mwaka 1985, akafariki juzi. Ukifungua pafu lake ukakosa nyuzi nyeupe, umejifunza kwamba zimeondoka. Hukujifunza kwamba hazikuingia. Makovu zilizoyaacha hayaondoki nazo, na saratani iliyokwisha kuanza haisubiri ziwepo.

Pafu ni shahidi wa upande mmoja. Likisema "nilivuta", lisadiki. Likisema "sikumbuki", usilichukue kuwa hakimu aliyemwachia mshitakiwa. Vigezo vya Helsinki vyenyewe vinatanguliza historia ya kazi kwa watu waliovuta krisotili, kwa sababu hiyohiyo.

Wakati mwingine krisotili huacha alama ya pembeni. Jiwe lake mara nyingi huchimbwa likiwa na tremoliti kidogo, nayo ni amfiboli, haiyeyuki haraka. Kwa wachimbaji wa krisotili wa Quebec, Kanada, ilionekana kwamba tremoliti iliyokuwa uchafu mdogo tu mgodini ndiyo iliyojaa mapafuni mwao baadaye. Kwa hiyo ripoti ikiandika tremoliti, usiiruke.

Halafu kuna mahali kisu kilipopita. Nyuzi hazikutawanyika sawa kama chumvi kwenye mchuzi uliokorogwa vizuri. Vipande viwili vilivyokatwa jirani vinaweza kutoa hesabu zinazopishana sana. Inafaa kuchukua sehemu tatu tofauti, mbali na uvimbe wenyewe, kwa kuwa ndani ya uvimbe nyuzi huwa chache.

Baba yuko hai. Tumpasue tupate kipande?

Hapana. Kufungua kifua cha mzee anayehema kwa shida ili kuhesabu nyuzi tu ni kumuumiza bila faida ya matibabu. Kama daktari anamfanyia upasuaji kwa sababu nyingine, omba kabla ya siku hiyo kwamba kipande cha pafu lisilo na uvimbe kihifadhiwe. Vile vipande vidogo vinavyotolewa kwa mpira unaopitishwa kooni havitoshi kwa hesabu. Vinaweza kuonyesha ushanga kwa bahati, lakini visipouonyesha havisemi chochote.

Makohozi je? Au kuosha pafu?

Shanga kwenye makohozi ni dalili nzito, ila watu wengi waliovuta asbesto hawatoi hata moja. Kuosha pafu ni bora zaidi: daktari huingiza maji safi kwa mpira, anayavuta tena, maabara inahesabu. Ushanga mmoja au zaidi kwa mililita unatosha kuashiria mtu alivuta asbesto kazini.

Alitibiwa kifua kikuu mara mbili na hakupona. Inawezekana ilikuwa asbesto?

Inawezekana. Maji kuzunguka pafu, kukonda, kuhema kwa shida, maumivu ya ubavu: kifua kikuu huleta hayo, na mesothelioma huleta hayohayo. Daktari wa Uganda akiwaza kifua kikuu kwanza hajakosea, maana ndicho anachokiona kila siku. Kosa huanza pale makohozi hayaonyeshi wadudu, vidonge vya miezi sita vimekwisha, maji yamerudi, na bado hakuna aliyeuliza, "Mzee, ulifanya kazi gani ujanani?"

Baba yangu mdogo alinyonywa maji ya kifua mara tatu katika hospitali moja. Mara zote tatu yalimwagwa sinki. Nami nilikuwa tayari kwenye kazi hii, na sikuuliza.

Kumbuka pia umbali wa miaka. Mesothelioma huchukua kati ya miaka 20 na 50 kujitokeza. Aliyevuta vumbi miaka ya 1970 anaweza kuugua sasa.

Alikuwa mvutaji sigara. Hatuna kesi?

Sigara haisababishi mesothelioma, kwa hiyo hapo hoja hiyo haina mashiko. Kwa saratani ya pafu mambo ni tofauti: sigara na asbesto huzidishana, na mwenye vyote viwili ana hatari kubwa kuliko kujumlisha moja na nyingine. Sigara haifuti asbesto. Na moshi hauachi shanga.

Baada ya kifo, ni lazima maiti ikatwe? Sisi tunazika leo.

Si lazima. Hakuna anayeweza kuwalazimisha kwa ajili ya hesabu hii. Lakini kama mzee aliugua bila jibu na ninyi mnataka jibu, uchunguzi unaweza kuwa wa kifua tu, ukafanywa asubuhi, na mazishi yakafanyika alasiri. Vinavyohitajika ni vipande vitatu, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiberiti. Mwili hushonwa, na aliyevaa kanzu yake haonyeshi alama.

Ushauri wangu kwa Waislamu na Wakristo ni uleule: zungumzeni mzee akiwa hai, yeye mwenyewe akiwepo, na sheikh au mchungaji akiwepo kama mnaona vema. Nimeona ndugu wakigombana mbele ya chumba cha maiti, wa kwanza akitaka uchunguzi, wa pili akilia kwamba baba hatachanjwa, na aliyekuwa na haki ya kuamua hawezi tena kusema. Mzee mmoja, fundi boila wa zamani, alilimaliza mapema. Aliwaita wanawe akasema, "Mkitaka pafu langu lichukueni, mie limeshanichosha."

Fidia je?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo, na madai hupita kwa mwajiri na ofisa wa kazi wa wilaya. NSSF ni akiba yako mwenyewe, usiichanganye na fidia ya ugonjwa wa kazi. Uganda pia iliridhia mwaka 1990 mkataba namba 162 wa shirika la kazi duniani, ILO, unaohusu asbesto. Zaidi ya hapo tafuta wakili. Nitakachosema kama fundi ni kwamba hesabu ya pafu bila historia ya kazi ni namba tu inayoelea.

Basi historia ya kazi tuichukue vipi?

Mkae naye asubuhi, kabla hajachoka, na simu inarekodi. Msiulize "uliwahi kushika asbesto?" Wengi hawakuambiwa jina. Muulizeni mikono yake ilifanya nini.

Yule fundi boila nilimuuliza hivyo. Akanyanyua mikono yote miwili akaanza kukanda hewani. Unga ulikuja kwenye gunia, alisema, wakaumimina kwenye karai, wakatia maji, wakakanda kama posho, kisha wakaupaka kwenye boila kwa viganja. Ukikauka na kupasuka waliubandua kwa nyundo na kuanza upya. Kubandua ndiko kulikokuwa na vumbi. Aliniambia walikuwa wakitambuana kwa sauti. Nikamuuliza gunia lilikuwa na rangi gani ndani. Akafikiri. "Mengi kijivu. Mengine buluu, buluu kama shati la skuli." Neno hilo moja, buluu, linamwambia mtu wa maabara atafute nini.

Andikeni miaka, majina ya waliofanya naye zamu moja, na nani kati yao alikufa akikohoa. Tafuteni kitambulisho cha kazi, karatasi ya mshahara, picha ya pamoja mbele ya karakana. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaweza kuandika barua ya mahali alipoishi, inasaidia kwa waliokaa kota za kiwanda.

Tunaishi chini ya paa la asbesto. Na sisi tupimwe pafu?

Hapana. Bati zima lisiloguswa linatoa kidogo sana. Msilikate, msilipige brashi, msilitoboe kwa drili, na likivunjika lilowesheni maji kabla ya kulishika. Kuliondoa ni kazi ya watu waliofundishwa.

Baba alifariki miaka sita iliyopita. Kipande chake cha nta kingalipo hospitali. Kina faida bado?

Kinayo. Nyama ndani ya nta haiozi, na jiwe ndani ya nyama haliendi popote. Nta inaweza kuyeyushwa, kipande kikakatwa tena na kupakwa Perls, au kikatumwa kuyeyushwa chote. Nendeni na cheti cha kifo, kitambulisho cha mwombaji na, muhimu kuliko vyote, namba ya maabara, ile iliyoandikwa kwenye kona ya juu ya ripoti ya zamani, mara nyingi tarakimu kisha mkwaju kisha mwaka. Bila namba hiyo tunatafuta kwenye makabati kwa jina, na kwenye makabati yetu mwenye jina kama la baba yenu si mmoja. Ombeni kipande cha pafu lenyewe, si cha uvimbe peke yake. Na msichelewe sana, kwa sababu makabati hujaa, na yakijaa huanza kutupwa vya zamani.